Mashambani Uingereza kwa Basi na Treni: Mwenye Gari Hanishindi Kitu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Kitanzania anayesoma shahada ya uzamili huko Sheffield, akiniomba ushauri juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikitamani kuulizwa. Alieleza kwamba wenzake anaoishi nao wamemwambia asijisumbue kutafuta vijiji, maziwa na milima ya nchi hii mpaka atakapopata leseni na gari, kwa sababu mabasi na treni za Uingereza ni za kumpeleka mtu kazini na kumrudisha nyumbani. Alimalizia kwa kuuliza, "Dada, ni kweli mwaka wangu wote utaishia maktabani na dukani?"

Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba si kweli, lakini jibu la mistari miwili halikunitosheleza, kwa kuwa maneno aliyoambiwa nimeyasikia mara nyingi mno, na kila ninapoyasikia hunipanda hasira ambayo ningependa kuitumia vizuri. Nitaeleza basi kwa kirefu jinsi ninavyotembea mashambani bila gari, na kwa nini naamini kwamba asiye na gari anaiona Uingereza vizuri zaidi kuliko mwenye nalo.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Ninaishi Manchester, kazi yangu ni kuwahudumia wazee, zamu zangu nyingi ni za usiku, na sina gari. Nilikwishapiga hesabu ya bima, kodi ya barabara, mafuta, matengenezo na maegesho, nikaona kwamba fedha hiyo ingeniletea gari moja ambalo lingelala nje ya nyumba siku sita za wiki, ilhali ndani ya fedha hiyo hiyo kuna safari nyingi sana za treni. Uamuzi huo niliufanya kwa akili timamu, lakini jamii yetu ya ughaibuni haiuhesabu kuwa uamuzi. Kwao ni upungufu.

Miaka michache iliyopita, kwenye chakula cha Idi nyumbani kwa ndugu huko Leicester, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliniona nikivaa koti ili niwahi treni ya kurudi, akasema mbele ya wageni wote, "Shemeji, miaka yote hii Ulaya na bado unakimbizana na mabasi?" Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, na hilo pia sijalisahau.

Kwa hiyo mnielewe nikisimulia kwa furaha kidogo habari ya mapumziko ya Jumatatu ya mwisho wa Agosti, siku ambayo nusu ya Uingereza huamua kwenda kwenye eneo la maziwa la Lake District. Familia ya shemeji ilitoka Leicester kwa gari, sisi tulitoka Manchester kwa treni, tukakubaliana tukutane Windermere. Treni ilijaa, na sitadanganya kwamba tulikaa. Tulisimama karibu na mlango pamoja na baiskeli na mbwa mmoja mkubwa aliyelowa, mpaka watu walipopungua Preston. Baadhi ya treni hutoka Manchester hadi Windermere moja kwa moja, na nyingine hukutaka ubadilishe Oxenholme, kituo kilichopo kwenye reli kuu ya magharibi iendayo Scotland. Kutoka hapo tawi dogo la reli linakupeleka taratibu kati ya malisho ya kondoo hadi mwisho wa njia.

Ukitoka kituo cha Windermere, unavuka barabara tu, na upande wa pili utaona kibao kinachoonyesha njia ya kupanda Orrest Head. Ni kilima ambacho hakifiki hata mita 250 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwendo wa kawaida unafika juu kwa nusu saa, huku watoto wakiwa wameshatangulia. Unapita msituni, unavuka lango la mwisho, na ghafla ziwa lote la Windermere, refu kuliko maziwa yote ya England, limelala chini yako, na nyuma yake vimepangana vilele vya Langdale. Tulikuwa tumeshakaa hapo juu, chupa ya chai imefunguliwa na maandazi yanaliwa, simu ilipoita. Alikuwa shemeji. Yeye alikuwa amefika Bowness, kando ya ziwa, na kila eneo la maegesho alilojaribu lilikuwa limejaa. Alizunguka mara kwa mara katika barabara zile nyembamba nyuma ya msururu wa watu wengine waliokuwa wakizunguka vile vile. Alipiga tena tulipokuwa tunashuka. Akapiga tena tulipokuwa ndani ya basi la wazi juu, namba 599, linaloteremka kutoka kituoni hadi gatini. Alipotufikia kwa miguu, kutoka huko mbali alikopata nafasi, watoto wetu walikuwa wameshapanda mashua na kushuka. Sikusema neno, nilimmiminia chai tu. Kusema kweli nilisema neno moja au mawili, lakini kwa heshima.

Jambo ambalo shemeji hakulijua, na ambalo nilimweleza baadaye aelewe kwamba sitembei hivi kwa kukosa, ni kwamba mtu aliyekifanya kilima kile kiwe maarufu naye hakuwa na gari. Mwaka 1930 karani wa halmashauri ya mji wa Blackburn, Alfred Wainwright, kijana wa miaka 23, alikuja likizo kwenye maziwa pamoja na binamu yake. Orrest Head kilikuwa kilima chake cha kwanza huko, na mandhari aliyoyaona yaliyabadilisha maisha yake kabisa. Mwaka 1941 alihamia Kendal ili awe karibu na milima hiyo, na baadaye akaandika kwa mkono, pamoja na michoro yake mwenyewe, vitabu saba vya mwongozo vinavyoeleza vilele 214, cha mwisho kikitoka mwaka 1966. Mpaka leo watu wanatumia orodha yake kama kipimo cha maisha yao, wanaegesha magari yao makubwa chini ya mlima, wanapanda, wanaweka alama ya vema. Yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha. Milima ile aliifikia zaidi kwa basi na kwa miguu, na matembezi yake aliyapanga kwa kufuata ratiba za mabasi.

Hapo ndipo lilipo jambo langu kuu, na ningependa msomaji wa Sheffield alishike hata akisahau mengine. Mwenye gari, hata aende wapi, lazima arudi pale alipoliegesha. Matembezi yake yote ni ya kuzunguka. Anapanda mlima, anaona upande wa pili kuna bonde zuri na kijiji chenye mnara wa kanisa, na hawezi kuliteremkia kwa sababu gari liko huku. Asiye na gari anashuka kituo kimoja, anavuka mlima, anateremkia bonde la pili, na anarudi nyumbani kwa treni au basi la upande ule. Anavuka nchi kama walivyoivuka watu wa zamani, waliokuwa na sababu ya kwenda mahali.

Kwa anayeishi Sheffield, mfano bora uko mlangoni pake, nami nauchagua kwa sababu nimeupita majira yote na haujawahi kunichosha. Reli ya Hope Valley inaunganisha Sheffield na Manchester kwa kupita katikati ya eneo la milima la Peak District, na treni zile za polepole husimama Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope na Edale. Shuka Edale. Kijiji chenyewe ni kidogo, kimezungukwa na milima pande zote, na ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi inayoishia ng'ambo ya mpaka wa Scotland. Wewe leo huendi Scotland. Geuka upande wa kusini, panda hadi ukingoni, kwenye njia panda ya Hollins Cross, ambako watu wa Edale walikuwa wakipita na majeneza ya wafu wao kwenda kuwazika ng'ambo kabla kijiji hakijapata kanisa lake. Kisha fuata ukingo hadi kilele cha Mam Tor, mita 517, kwenye njia iliyotandikwa mawe ili udongo usimomonyolewe na mamilioni ya viatu.

Ukiteremka upande wa pili utakutana na kitu ambacho mimi hukipenda kuliko kilele chenyewe. Kulikuwa na barabara kuu ya magari iliyopita ubavuni mwa Mam Tor, lakini mlima huo ni wa mawe laini yanayoporomoka, na kila walipoitengeneza barabara mlima uliishusha tena, mpaka mwaka 1979 wenye mamlaka walipokata tamaa na kuifunga moja kwa moja. Barabara ingali pale. Lami imepasuka na kukunjwa, vipande vimezama na vingine vimeinuka, na ukisimama kando ya mpasuko unaweza kuhesabu matabaka ya lami waliyokuwa wakiyamwaga moja juu ya jingine katika miaka yote ya kupigana na mlima. Mstari mweupe wa katikati bado unaonekana mahali mahali, kisha unakatika hewani. Nyasi zimeota ndani ya nyufa na kondoo wanalala juu yake. Watembea kwa miguu hupita bila shida yoyote. Mnaweza kudhani napiga picha mahali hapa kwa ajili ya kumtumia shemeji, na hamtakuwa mmekosea.

Kutoka hapo unateremka hadi Castleton, kijiji chenye mapango na magofu ya ngome ya Peveril juu yake, na basi namba 272 linakurudisha Sheffield. Ukitoka Manchester kama mimi, unatembea au unapanda basi hadi kituo cha Hope. Hapa kuna ujanja mdogo wa tiketi: nunua tiketi ya kwenda na kurudi hadi Hope, kituo cha mbali zaidi, kisha ushuke njiani Edale. Tiketi nyingi za kawaida huruhusu kushuka kabla ya mwisho, ila muulize muuza tiketi kwanza, na ujue kwamba zile za bei nafuu za Advance, zinazokufunga na treni moja maalumu, haziruhusu.

Pia ukiwa ungali kule juu, angalia upande wa kaskazini, kwenye uwanda mweusi wa Kinder Scout. Zamani milima hiyo ilikuwa ya matajiri wenye kuwinda ndege, na walinzi wenye fimbo walikuwa wakiwafukuza watu. Siku ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliondoka kijiji cha Hayfield wakapanda Kinder kwa makusudi ya kuvunja katazo hilo. Kundi jingine lilitoka Sheffield na kupandia upande wa Edale. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20, na siku hiyo alikwenda kwa baiskeli kwa sababu polisi walikuwa wakimngojea kwenye stesheni ya treni. Vijana sita walikamatwa, na watano wakafungwa jela kwa muda wa kati ya miezi miwili na sita. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa katika nchi hii. Mtu akikuambia kwamba mashamba ya Uingereza ni ya wenye magari, mwambie kwamba yalifunguliwa na vijana wa viwandani ambao gari walikuwa wakiliona kwa mwajiri wao.

Wasomaji wa nyumbani watafikiria Mikumi au Serengeti wakisikia hifadhi ya taifa, nami niseme mapema kwamba hapa hakuna lango wala kiingilio. Watu wanaishi ndani yake, wanalima, wanafuga, na njia za umma zinapita katikati ya mashamba yao. Hili la njia ndilo linalowatia hofu wengi wetu, kwa kuwa tumezoea kwamba shamba la mtu ni la mtu. Hapa sheria inalinda haki ya kupita. Njia ya miguu ya umma ikipita katikati ya ngano, unapita katikati ya ngano, na mkulima akiilima anatakiwa kuirejesha. Mshale wa njano kwenye nguzo unaonyesha njia ya watembea kwa miguu, na wa buluu unaonyesha njia wanayoruhusiwa pia wenye farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Explorer za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, zile zenye jalada la rangi ya chungwa, njia hizi zimechorwa kwa vistari vya kijani. Nunua ramani ya eneo lako. Simu huishiwa chaji na mabondeni mtandao hupotea, lakini karatasi haizimiki.

Ramani hiyo ina kazi nyingine ambayo muuza duka hatakuambia. Siku moja, katika kijiji ambacho sitakitaja, nilikuwa navuka ngazi ya mbao ya uzio kuingia malishoni, mzee mmoja akasimamisha gari lake kubwa, akateremsha kioo, akaniuliza kama nimepotea. Sauti yake haikuwa ya kunisaidia. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wazungu wawili, mume na mke, kwenye njia ile ile, wamevaa makoti kama yangu, na hao hakuwauliza kitu. Nilifungua ramani juu ya ile ngazi, nikaweka kidole kwenye vistari vya kijani, nikamwambia kwa adabu kwamba natoka kituo hiki na nakwenda kituo kile kwa njia ya umma, na je, yeye angependa nimwonyeshe aliko? Alipandisha kioo. Mkono wangu ulitetemeka kwa muda mrefu baada ya pale, na sipendi kuona aibu kulisema. Lakini njia niliimaliza, na tangu siku hiyo ramani haikai ndani ya mkoba. Huitembeza shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha pande zote.

Kuhusu mahali pa kwenda, kanuni yangu ni kufuata reli kwanza na kutafuta basi baadaye, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1963 Dakta Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa zaidi ya vituo 2,000 vya reli ambavyo kwa hesabu zake vilikuwa vya hasara, na vingi vikafungwa kweli. Ndiyo maana ramani ya reli ya leo ina mapengo ya ajabu. Keswick, mji mzuri wa maziwa, ulipoteza treni yake mwaka 1972, na leo unafikiwa kwa basi namba 555 linalopita Windermere, Ambleside na Grasmere. Ukiwa na bahati ya kukaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, safari hiyo peke yake inatosha kuwa matembezi ya siku, kwa kuwa kuta za mawe za mashambani humzuia mwenye gari dogo kuona upande wa pili, na wewe uko juu yake.

Reli nyingine iliponea chupuchupu, nami huiombea dua kila ninapoipanda. Ni ile ya kutoka Settle hadi Carlisle, ambayo treni zake huanzia Leeds. Katika miaka ya 1980 ilikusudiwa kufungwa, wananchi wakapinga kwa miaka, na mwaka 1989 serikali ikakubali iendelee. Ushuke Ribblehead uone daraja la matao 24, lenye urefu wa mita 400 hivi, lililojengwa miaka ya 1870 kwa mikono ya maelfu ya vibarua waliokuwa wakiishi kwenye mabanda katika lile jangwa la tope na upepo. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, wao na watoto wao, na wamezikwa kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale lililo karibu. Mimi niliondoka hapo nikapita juu ya Blea Moor, ambako treni yenyewe inapita chini ya ardhi, nikateremka Dentdale, kisha nikapanda mwinuko ambao sitausimulia hadi kituo cha Dent. Kituo hicho kiko mita 350 hivi juu ya bahari na hakuna kituo cha reli kuu kilicho juu zaidi katika England yote. Kando yake wamesimamisha uzio wa mataruma ya zamani ya reli ili kuzuia theluji. Na hapa nitoe onyo: kituo cha Dent kiko zaidi ya kilomita sita kutoka kijiji cha Dent. Jina la kituo ni ahadi tu, kwa hiyo angalia ramani kabla ya kupanga kunywa chai kijijini.

Suala la fedha nitalipitia haraka. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja katika mabasi mengi ya England ina kikomo cha pauni 3, hata safari ikiwa ya saa nzima na zaidi. Kwa treni, nunua kadi ya punguzo inayoitwa Railcard, inayokupunguzia theluthi moja ya nauli. Mwanafunzi wa muda wote anaweza kupata ile ya vijana hata akiwa na umri mkubwa, na watu wawili wanaosafiri pamoja, kama wanandoa, wana ya kwao. Safiri baada ya saa za watu kwenda kazini, ambapo nauli hushuka. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi treni, na kuanzia miaka mitano hadi 15 hulipa nusu. Kwenye vituo vya mashambani basi halisimami kwa kuwa umesimama pale. Nyoosha mkono kama unavyosimamisha daladala, na ukishuka mshukuru dereva, kwa kuwa kila mtu humshukuru.

La muhimu kuliko yote, anza kupanga safari kwa kuangalia basi la kurudi. Watu huangalia la kwenda. Vijiji vingi basi la mwisho huondoka kabla ya magharibi, na Jumapili vingine havina basi kabisa, isipokuwa majira ya joto katika maeneo machache kama Yorkshire Dales, ambako mabasi ya DalesBus huandaliwa kwa msaada wa watu wa kujitolea. Nimesema na narudia: basi la kurudi kwanza.

Ndugu zangu tulio ughaibuni, niruhusuni niseme lililo moyoni. Tunafanya kazi usiku na mchana katika nchi hii, tunaijua harufu ya korido za hospitali zake na ghala zake, tunalipa kodi zake, na siku ya mapumziko tunakaa ndani tukiangalia televisheni ya nyumbani huku tukilipa mkopo wa gari linalotupeleka kwenye harusi. Watoto wetu wanazaliwa Leicester na Reading na hawajawahi kumgusa kondoo. Tukiulizwa tunasema mashambani ni kwa wazungu. Nani aliwapa? Njia za umma ni za umma, nasi ni umma. Mama yangu alipoona picha zangu za kwanza nikiwa juu ya mlima, aliniuliza nani aliyenituma kupanda huko bila mzigo, kwa maana kwetu Lushoto mtu hupanda mlima akiwa na kuni au tenga la pea. Nilicheka, lakini niliona ukweli ndani yake. Sisi ni watu wa milima, miguu yetu inajua kazi hii, na sasa tunaambiwa tungoje leseni. Acheni visingizio. Jumamosi moja kwa mwezi haimshindi mtu.

Wapo watakaosema kwamba basi huweza lisije, nao wanasema kweli, maana lilinitokea mwezi wa Februari pale Castleton. Muda ulifika, ukapita, ubao wa kituo ukaendelea kuonyesha kwamba linakuja, kisha jina lake likafutika bila maelezo, na giza likawa linaingia. Tulikuwa watu wanne kituoni, wote wageni kwa wageni: mimi, kijana mmoja Mpolandi, na wazee wawili dada na kaka waliokuwa wakitembea milima ile tangu utotoni. Mzee wa kike alitazama saa yake, akasema kituo cha Hope hakizidi kilomita nne na kwamba njia ya kando ya mto haina matope sana. Mimi nilikuwa na tochi ya kichwani, ambayo tangu saa zinaporudishwa nyuma mwisho wa Oktoba haitoki kwenye mkoba wangu, kwa hiyo waliniweka mbele. Tulipita malisho baada ya malisho tukifuata mishale ya njano, yule mzee akinihesabia malango yaliyobaki, na yule kijana Mpolandi akimshika mkono kaka wa mzee huyo kwenye kila ngazi ya uzio. Tulifika Hope dakika chache kabla ya treni. Wao walivuka daraja kwenda upande wa Sheffield, mimi nikabaki upande wa Manchester, na mkaguzi alipokuja kwenye behewa nilimwonyesha tiketi yangu ya Hope, ambayo ningeinunua ya kufika Edale tu kama nisingeujua ule ujanja.